Mwenye Akaunti Si Mwenye Nyumba: Historia ya Idhini Inayokosekana katika Programu-jalizi za Maduka ya Mtandaoni

Kasoro ya kukosekana kwa idhini hutokea pale programu inapopokea ombi la kutenda jambo fulani, kama vile kubadili bei ya bidhaa, kufuta oda au kusoma anwani ya mteja, ikalitekeleza bila kuuliza kwanza kama aliyeomba ana haki ya kulitenda. Kasoro hii hutofautiana na ile ya utambuzi, kwa maana utambuzi hujibu swali la mtu huyu ni nani, ilhali idhini hujibu swali la mtu huyu anaruhusiwa kufanya nini. Na tovuti inaweza kumtambua mtu barabara kwa jina na nenosiri lake, kisha ikamwachia afanye yasiyomhusu. Ugumu wa kuigundua hutokana na kwamba hakuna mstari wa msimbo uliokosewa ambao mkaguzi angeweza kuunyooshea kidole, bali kuna mstari ambao haukuandikwa kabisa, na kila kitu kingine hufanya kazi kama kilivyokusudiwa.

Tatizo lenyewe lilieleweka mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walichapisha makala kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya kompyuta, wakiegemea uzoefu wa mifumo iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja, ukiwemo ule wa Multics uliojengwa katika chuo cha MIT nchini Marekani. Kati ya kanuni walizozitaja, mbili zinaligusa suala hili moja kwa moja: ya kwanza ni kwamba kila jaribio la kukifikia kitu sharti likaguliwe, bila kuacha hata moja, ya pili ni kwamba hali ya kawaida ya mfumo iwe kukataa, na ruhusa ndiyo itolewe kwa makusudi, ili anayesahau kuandika kanuni awe amefunga njia badala ya kuifungua. Kanuni hizo zilifundishwa vyuoni kwa miongo kadhaa, lakini mifumo iliyokuja kubeba biashara ya mtandaoni haikujengwa juu yake.

WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti uliotolewa Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little kwa kuendeleza msimbo wa mfumo uliotangulia wa b2, ulikuwa chombo cha waandishi wa shajara na makala. Toleo la 1.2 la mwaka 2004 lilileta utaratibu wa programu-jalizi, yaani vipande vya msimbo vinavyoandikwa na watu wengine na kupachikwa kwenye mfumo bila kuugusa msimbo wake wa asili. Programu-jalizi ikishawashwa huwa na nguvu zilezile za mfumo wenyewe: husoma hifadhidata yote, huandika faili, hubadili mipangilio. Watumiaji walipangwa kwa viwango vya tarakimu, kutoka 0 hadi 10, hadi toleo la 2.0 la Desemba 2005 lilipoleta vyeo, kuanzia mfuatiliaji wa kawaida hadi msimamizi, kila cheo kikiwa na orodha ya mambo kinachoruhusiwa. Ulikuwa mpango mzuri, lakini ulikuwa na pengo moja kubwa: mfumo ulimpa mwandishi wa programu-jalizi amri ya kuulizia cheo, bila kumlazimisha aitumie, na aliyesahau kuitumia hakupata onyo la aina yoyote.

Pengo hilo lilipanuka pale kurasa zilipoanza kuwasiliana na seva bila kupakiwa upya. Kwa ajili hiyo WordPress ilitenga faili moja, admin-ajax.php, ambayo hupokea maombi yote ya namna hiyo na kuyafikisha kwa programu-jalizi iliyojisajili kuyashughulikia. Faili hiyo imo ndani ya folda ya usimamizi, na kwa sababu hiyo waandishi wengi waliamini kwamba anayeifikia lazima awe msimamizi, kumbe yeyote mwenye akaunti anaweza kuiita, na kwa maombi yaliyosajiliwa kwa umma haihitaji hata akaunti. Imani hiyo ilitiliwa nguvu na amri iitwayo is_admin, ambayo jina lake humfanya msomaji adhani inauliza kama mtumiaji ni msimamizi, ilhali inauliza tu kama ombi limeelekezwa upande wa usimamizi wa tovuti. Na kwa kuwa kila ombi linalopitia admin-ajax.php huhesabiwa kuwa la upande huo, amri hiyo hujibu ndiyo kwa mgeni na kwa mwenyeji vilevile. Programu-jalizi nyingi zimevunjwa kwa kosa hili moja. Chanzo kingine cha mkanganyiko kilikuja mwaka 2006, zilipoanzishwa tokeni za muda, yaani mifuatano ya herufi na tarakimu inayothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa uliofunguliwa kweli na mtumiaji, wala si kwenye tovuti ya mtego. Tokeni hizo zilifanya kazi yake vizuri, lakini waandishi wasiohesabika walizichukua kuwa kibali, ingawa hazikuwahi kuthibitisha cheo cha mtu yeyote.

Katika tovuti ya makala madhara ya uzembe huu yalikuwa na mpaka, kwa kuwa wenye akaunti kwa kawaida walikuwa mwenye tovuti na waandishi wenzake wachache, na kuwa na akaunti kulikaribia kumaanisha kuwa mtu wa ndani. Hali ilibadilika kabisa Septemba 2011, wakati WooThemes, kampuni iliyokuwa na mizizi katika jiji la Cape Town nchini Afrika Kusini, ilipotoa WooCommerce, programu-jalizi ya duka iliyotokana na msimbo wa nyingine iliyoitwa Jigoshop. Dukani, kila mnunuzi anaweza kujifungulia akaunti wakati wa kulipa, bila kupitishwa na mtu. Hivyo ukaguzi uliokuwa ukiuliza tu kama mtumiaji ameingia kwenye akaunti yake, ambao jana ulichuja karibu dunia nzima, leo haukumchuja mtu. WooCommerce yenyewe ilitambua hatari hiyo na kuwazuia wateja wasifungue kurasa za usimamizi, ila haikuweza kuizuia admin-ajax.php, kwa sababu duka lenyewe lisingefanya kazi bila faili hiyo. Maelfu ya programu-jalizi za punguzo, za usafirishaji na za kuhamisha orodha za bidhaa yaliandikwa juu ya msingi huu, mengi yakibeba mazoea ya zama za makala.

Mwaka 2018 ulionyesha mambo yanavyoweza kuharibika kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza iligunduliwa na Simon Scannell wa kampuni ya RIPS Technologies ndani ya WooCommerce yenyewe, iliyokuwa wakati huo kwenye tovuti zaidi ya milioni nne. WooCommerce huunda cheo cha meneja wa duka na kukipa uwezo wa kuhariri watumiaji, kisha huweka kizuizi cha kumzuia meneja asimhariri msimamizi. Uwezo ule ulihifadhiwa katika hifadhidata, ambako hudumu hata programu-jalizi ikizimwa, lakini kizuizi kiliishi ndani ya msimbo wa programu-jalizi. Kasoro katika sehemu ya kufutia kumbukumbu za matukio ilimwezesha meneja kufuta faili kuu ya WooCommerce. WordPress, ilipoikosa faili hiyo, iliizima programu-jalizi, kizuizi kikatoweka nayo, na meneja akabaki na uwezo wa kubadili nenosiri la msimamizi. Toleo la 3.4.6 la Oktoba mwaka huo liliziba njia hiyo.

Ya pili ilitumiwa na wahalifu kabla wengi hawajajua kuwa ipo. WP GDPR Compliance, programu-jalizi iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 100,000, ilikusudiwa kuwasaidia wenye maduka na tovuti kutii sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018. Sehemu yake ya kuhifadhi mipangilio ilipokea jina la mpangilio na thamani mpya kupitia admin-ajax.php, ikaandika katika hifadhidata bila kuuliza cheo cha mwombaji na bila kujali kama mpangilio huo ni wake au wa WordPress nzima. Wahalifu waliwasha usajili wa umma, wakakifanya cheo cha msimamizi kuwa cheo cha kila anayejisajili, wakajisajili, kisha wakarudisha mipangilio ilivyokuwa ili mwenye tovuti asishtuke na wahalifu wengine wasiwafuate. Toleo la 1.4.3 la Novemba 2018 lilisahihisha kosa hilo kwa kuongeza ukaguzi ambao ulipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza.

Si kila idhini huhusu cheo. Nyingine huhusu umiliki. Mei 2023 ilitolewa toleo la 7.4.1 la programu-jalizi inayounganisha WooCommerce na huduma ya malipo ya Stripe, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 900,000, baada ya watafiti wa Patchstack kugundua kwamba msimbo wa ukurasa wa malipo ulichukua namba ya oda kutoka kwenye anwani ya ukurasa na kutoa jina, barua pepe na anwani kamili ya mnunuzi bila kuhakiki kwamba oda hiyo ni ya anayeiangalia. Namba za oda zinaweza kukisiwa, na aliyetaka kuzivuna taarifa za wateja alihitaji tu kubadili tarakimu. Hakuna cheo kilichovukwa hapo, kwa kuwa mhalifu alibaki mgeni tangu mwanzo hadi mwisho.

Majina rasmi ya kasoro hizi yalichelewa kutulia. Orodha ya hatari kumi za programu za wavuti inayotolewa na taasisi ya OWASP iliigawa dhana hii kwa miaka mingi katika vipengele tofauti, ikaviunganisha mwaka 2017 katika nafasi ya tano, na mwaka 2021 ikakipandisha kipengele hicho hadi nafasi ya kwanza. Upande wa WordPress, hatua yenye uzito zaidi ilichukuliwa katika toleo la 5.5 la Agosti 2020: mwandishi anayesajili njia mpya katika kiolesura kipya cha mawasiliano kati ya programu hupata onyo asipotaja nani anaruhusiwa kuitumia, na akitaka iwe wazi kwa wote hulazimika kuandika hivyo waziwazi. Bado ni onyo tu, maana njia isiyo na kanuni huendelea kufunguka, lakini angalau usahaulifu ulipata sauti.

Historia hii inayagusa maduka ya Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa programu-jalizi za kupokea M-Pesa katika WooCommerce hutegemea anwani ambayo seva za mtoa huduma huitumia kuliarifu duka kwamba mteja amelipa. Anwani hiyo haina budi kuwa wazi kwa mtumaji asiye na akaunti, na programu-jalizi isiyohakiki chanzo cha taarifa wala kulinganisha kiasi na namba ya muamala humruhusu yeyote kutangaza kuwa oda imelipiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamtaka anayekusanya taarifa za wateja azilinde, na kwa msingi huo mwenye duka hawezi kumsukumia mwandishi wa msimbo lawama zote. Anayeagiza programu-jalizi leo ana wajibu wa kuuliza, kwa kila ombi ambalo msimbo unalipokea, ni wapi cheo na umiliki wa mwombaji unapohakikiwa, na kulikataa jibu linaloishia kwenye kuingia kwenye akaunti. Kwani amri iliyosajiliwa katika admin-ajax.php bila ukaguzi wowote bado hupokelewa na kutekelezwa na WordPress bila hata onyo.