Karani, Kadhi na Muuza Vyungu

Kwenye usaili wa kazi siku hizi kuna swali lisilokosekana: umebobea katika nini? Anayetaja vitu vitatu hutazamwa kwa shaka, na ile methali ya mshika mbili inamsubiri mlangoni. Ajabu ni kwamba mwambao uliotupa Kiswahili chenyewe ulijengwa na washika mbili, wengine watatu.

Pepo zilitaka hivyo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Kusi ilipochachamaa, vyombo vilipandishwa pwani vikatiwa kalafati na kupakwa deheni, na baharia akashika jembe au mizani. Aliyejua kazi moja tu alikula msimu mmoja.

Wasomi nao hawakuwa tofauti. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, alikuwa nahodha wa chombo cha biashara kabla ya kuwa kadhi wa kuheshimika Unguja. Abdulaziz al-Amawi wa Barawa alikuwa kadhi, mjumbe wa Sultani Seyyid Barghash katika mambo ya siasa, mshairi, na mtu aliyeanza kutunga kamusi ya Kiswahili. Kamusi hakuimaliza. Hilo nalo tulikubali: mwenye mapenzi mengi huacha viporo.

Kisha ikaja ofisi ya mkoloni, na saa ya ukutani, na mshahara wa mwisho wa mwezi. Hapo mtu akapewa cheo kimoja, na vipaji vyake vingine vikasubiri jioni. Mwandishi Shaaban Robert aliingia Forodha Pangani mwaka 1926, akakaa humo hadi 1944. Baadaye akahamia Mpwapwa kwenye idara ya wanyama, akarudi Tanga ofisi ya wilaya, akamalizia upimaji wa ardhi. Miaka zaidi ya thelathini ya ukarani! Wengi husikitika kwamba serikali ilimpotezea muda. Mimi siamini sana. Fungua hadithi yake, Kusadikika: kitabu karibu chote ni kesi. Karama amesimama kizimbani, anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, na kila mjumbe alirudi na taarifa njema akaishia kifungoni. Ni mtu aliyeshika majalada ndiye angeweza kuipanga hadithi hivyo, akijua jinsi taarifa nzuri inavyozikwa mezani kwa wakubwa. Ofisi ilimlisha tumbo, na bila kukusudia ikamlisha kalamu. Kalamu peke yake isingelisha nyumba, na hilo yeye alilijua kuliko wanaomsikitikia.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwenda mbio zaidi. Mhubiri wa Ahmadiyya, mwaka 1954 akatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. (Aliyewawekea washairi sheria, sasa akakabidhiwa za nchi nzima.) Alifariki mwaka 1964, na umri wake ulikuwa miaka arobaini tu.

Lakini ninayemrudia kila mara hakupita madrasa wala ofisi. Siti binti Saad wa Fumba aliuza vyungu, akitembea kijiji hadi kijiji hadi mjini Unguja, mzigo kichwani, akinadi. Husimuliwa kwamba watu walimtambua kwa sauti kabla hajatokeza. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba kwa ala. Mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na baadaye yule karani wa Forodha ndiye aliyeandika wasifu wake. Vyungu alikuwa ameviacha zamani. Pumzi iliyompandisha mbele ya chombo cha kurekodia ilikuwa ileile aliyoizoeza kwenye njia ya Fumba, jua la saa sita likiwa utosini.