Kwaya Bila Waimbaji: Matarumbeta na Nyimbo za Kanisa

Kabla vyombo vya shaba havijaachiwa nyimbo za kanisa vipige peke yake, vilikuwa vikiandamana na waimbaji. Mjini Leipzig mwaka 1725, Johann Sebastian Bach aliirudia kantata yake ya Pasaka, "Christ lag in Todes Banden", akiwa na tromboni tatu na pembe ya mbao zilizofuata sauti za kwaya nota kwa nota.

Wamoraviani, Wakristo wa madhehebu ya Kiprotestanti, wakauchukua mpangilio huohuo, wakawaondoa waimbaji. Tromboni zao zilifika Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1754. Mtu akifariki, zilipigwa kutoka juu ya jengo, na tuni yenyewe ilitosha kujulisha kama marehemu ni mume wa mtu, mjane au mtoto.

Waliorahisisha hasa kazi ya kupiga nyimbo hizi kutoka kitabu cha waimbaji ni mchungaji Eduard Kuhlo wa Westphalia, Ujerumani, na mwanawe Johannes (1856–1941), waliotoa kitabu chao cha matarumbeta mwaka 1881. Katika bendi za kijeshi, tarumbeta ya B flati husoma C, ikasikika B flati. Kina Kuhlo walitaka C iwe C ya kinanda, na mpigaji ajifunze vidole upya: C ya katikati hubonyezwa kitufe cha kwanza na cha tatu, B flati hutoka bila kubonyeza kitu. Aliyetoka jeshini huteseka miezi ya mwanzo. Akishazoea, husimama nyuma ya mwanakwaya, akachungulia kitabu kilekile cha nyimbo na kupiga.

Si kila ukurasa unapigika ulivyo, lakini. Wimbo wenye shapu nne hushushwa nusu sauti hadi E flati. Alto ikizama chini sana hupewa honi, kwa kuwa tarumbeta hufifia huko; besi huongezewa tuba oktava moja chini. Kigumu zaidi ni maneno. Mwimbaji hupumua penye koma. Mpiga tarumbeta asiyeyajua maneno hupumua pumzi inapomwishia, hata katikati ya neno. Ndiyo maana mpangaji makini huandika ubeti wa kwanza chini ya nota.

Wamisionari wa Kijerumani waliingia Usambara na Rungwe mwaka 1891, Kilimanjaro mwaka 1893, na utamaduni huu ukaota mizizi katika sharika za Tanzania. Makaburini hakuna kinanda. Matarumbeta hupiga wimbo mzima mara moja, sauti zote nne, kisha waombolezaji huingia na ubeti wa kwanza.