Edward Johnston na Khati ya Reli ya London

Maelfu ya watu washukao kila siku katika reli ya chini ya ardhi mjini London husoma majina ya vituo bila ya kumkumbuka aliyeyatengenezea herufi. Na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sifa kubwa kabisa awezayo kuipata fundi wa khati, kwamba maandishi yake yafahamike kabla hayajastaajabiwa. Fundi huyo ni Edward Johnston, aliyezaliwa mwaka 1872 katika nchi ya Uruguay, kwa wazazi wenye asili ya Uskoti.

Alianza kusoma utabibu Edinburgh, akauacha kwa sababu ya udhaifu wa afya yake. Mwaka 1898 alikutana na William Lethaby, mkuu wa chuo cha sanaa na kazi za mikono mjini London, naye akamnasihi aende katika makumbusho ya British Museum akazitalii hati za kale. Johnston akaketi mbele ya kurasa za ngozi, wala hakutosheka kuiga sura ya herufi, bali aliuliza jinsi ilivyozaliwa: kalamu ilichongwaje, ilishikwa kwa pembe gani, mkono ulianzia wapi na kuishia wapi. Ndipo ilipombainikia kuwa unene na wembamba wa herufi zile haukuchorwa kwa kukusudiwa, bali uliletwa na ncha pana ya kalamu yenyewe, ambayo ikivutwa upande huu huacha mstari mnene, na ikivutwa upande ule huacha mwembamba. Kwa mtu wa pwani aliyefunzwa kuandika kwa kalamu ya mwanzi, habari hii haina ugeni. Lakini Waingereza wa siku zile, waliozoea kalamu ya chuma yenye ncha kali, walikuwa wameisahau. Katika hati hizo alikipenda mno kitabu kimoja cha Zaburi kilichoandikwa Uingereza katika karne ya 10, na kutokana nacho akaunda khati ya msingi ya kuwafundishia wanafunzi wake, ambao miongoni mwao alikuwamo Eric Gill. Kitabu chake cha mafunzo, kilichotoka mwaka 1906, kiliifikisha elimu hiyo kwa watu wasiopata kumwona.

Mwaka 1913 Frank Pick, mmoja wa wakuu wa reli ile, alimwendea na haja yake. Kuta za vituo zilikuwa zimejaa matangazo ya biashara ya kila namna, hata msafiri akalitafuta jina la kituo asilione upesi. Pick akataka herufi za zama zake, nyepesi kusomeka, zisizoweza kuchanganywa na matangazo. Johnston, aliyekwisha kuzama katika ngozi na wino wa kale, hakuleta nakshi. Alirejea kwenye vipimo vya herufi kubwa za Warumi, akazivua vikia vya miishoni, na O akaifanya duara kamili. Kazi ilitimia mwaka 1916.

Ukizisogelea utaona alama za mkono wake. Herufi l ndogo ina mkunjo chini, unaoelekea kulia, ili isidhaniwe kuwa ni I kubwa wala tarakimu 1. Na nukta iliyo juu ya i si duara, bali ni mraba uliosimama juu ya pembe yake, umbo lile lile liachwalo na kalamu pana igusapo karatasi mara moja. Mimi naiona nukta hiyo kuwa ndiyo ithibati ya kwamba hakuisaliti kalamu yake, japokuwa alikuwa akiitumikia mashine.

Gill, mwanafunzi wake, alifuata njia hiyo, na herufi zake za mwaka 1928 zikaenea duniani kuliko za mwalimu. Johnston mwenyewe aliishi kijijini Ditchling tangu mwaka 1912, akafariki huko mwaka 1944. Khati ya reli ilirekebishwa mwaka 1979 na tena mwaka 2016, na nukta ya i ingali imesimama juu ya pembe yake.