Hita Plagi na Ahadi ya Rudolf Diesel

Rudolf Diesel aliahidi injini isiyohitaji kiberiti. Wazo lake, alilopewa hataza Ujerumani mwaka 1893, lilikuwa hili: bana hewa mpaka ipate joto kali, nyunyizia mafuta, nayo yatajiwasha yenyewe. Hakuna cheche, hakuna plagi. Mwaka 1897, kule Augsburg, injini yake iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za siku hizo zilibaki mbali nyuma.

Shida ni kwamba dude lenyewe lilikuwa na kimo cha kama mita 3. Utaliweka kwa lori gani? Mwaka 1909, Prosper L'Orange wa kampuni ya Benz alibuni chumba kidogo juu ya silinda ili mafuta yaanze kuungua humo. Njia ya injini ndogo ikafunguka. Lakini kuta za chumba hicho ni chuma, na chuma baridi hunyonya joto la hewa. Asubuhi injini inazunguka tu, inatema moshi mweupe, haishiki. Dawa ikawa kijiti kinachopashwa na betri hadi kiwe chekundu, sekunde chache kabla ya kupiga stata. Mafundi wetu hukiita hita plagi. Mercedes-Benz 260 D ya 1936 ilikuwa nazo. Yaani ule moto ambao Diesel aliukataa ulirudi kimyakimya.

Kwetu historia hii bado iko barabarani. Land Cruiser za injini ya 1HZ zina silinda 6 na plagi 6. Nami nimekulia Kinangop, ambako baridi ya saa kumi alfajiri haina mzaha. Jirani yetu alibeba kabeji kwa pikapu kuukuu ya dizeli. Ikigoma, vijana tunaamshwa kusukuma. Akichelewa kufika Marikiti, wanunuzi wakubwa wameshaenda na bei imeanguka. Karo ya watoto wake ilikuwa kwenye hizo kabeji, bana.

Fundi alizitoa plagi injini ikiwa na joto, polepole, maana iliyoshika kutu ukiilazimisha hukatikia ndani ya silinda hedi, na hapo mfuko utalia. Akazipima kwa mita: 3 kati ya 4 zilikuwa zimekufa. Alibadilisha zote, kwa sababu ile ya nne ilikuwa na umri uleule. Akahakikisha volti pia. Si zote ni za volti 12, na ukikosea zinaungua.

Diesel alitoweka melini usiku wa 29 Septemba 1913, akisafiri kutoka Antwerp kwenda Harwich. Malori ya dizeli ya Benz na MAN yalionekana 1924. Hakuwahi kuona hata moja likipakiwa kabeji, wala kujua kwamba siku ya mkulima ingetegemea kijiti kidogo kuliko kalamu.