Masuku, Chakula cha Pori la Katanga

Mbele ya mji wa Elisabethville kuanzishwa mwaka 1910, wazee wetu walijua kalenda ya pori: mvua ikianza, masuku yanakaribia kuiva. Hata Union Minière ilipogawa posho ya unga, pori halikusahauliwa; mtu alijiendea peke yake na kikapo. Fundisho la bazee lilikuwa fupi: «Usitikise muti. Okota ile imeanguka.» Sababu tunda lililoanguka limeiva, na yaliyobaki juu ni ya mwenzako.

Leo misuku inakatwa kwa makala ya Lubumbashi. Sisi wenyewe tulitembea humo kutwa. Tulirudi na nusu kikapo. Basi tuwaambie wanafunzi wetu: mwenye kuchoma msuku mmoja anauza chakula cha miaka mingi kwa bei ya gunia.