Wapenda Mimea na Viumbe: Historia Fupi ya Chama Chetu Tangu 1909

Hapa Kulesa, kando ya Mto Tana, watoto huniuliza hawa watu wenye darubini na daftari wanaoshuka mtoni wametoka wapi. Jibu lake ni refu, na kwa kuwa mimi ni mwanachama wa zamani, nimeona niliandike kabla kumbukumbu hazijachakaa.

Mwaka 1909 Nairobi ilikuwa bado mji wa mabati, reli haijafikisha miaka kumi na moja tangu iufikie. Hapo ndipo wapenzi wachache wa viumbe walipoanzisha Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki na Uganda. Alikuwepo Frederick Jackson, ofisa wa serikali aliyewajua ndege kuliko wengi wa zama zake. Alikuwepo C. W. Hobley, naye ofisa wa serikali. Alikuwepo pia mchungaji Kenneth Rogers wa misheni ya pwani, aliyehubiri na bado akapata wasaa wa kukusanya vipepeo. Huyu nampenda zaidi, maana ni wa pwani yetu. Wala tusiwasahau waliowaongoza msituni na kuwatajia majina ya miti. Wengi wao hawakuandikwa popote, nao kwangu ni waasisi vilevile.

Mwaka uliofuata, 1910, chama kilikuwa tayari na jarida lake na jumba dogo la makumbusho, pale inaposimama Nyayo House leo. Mwaka 1914 akaja Arthur Loveridge kuwa mtunzaji. Vita vilipozuka akaenda jeshini, na huko nako akaendelea kukusanya mijusi na nyoka! Ndiye aliyemshika mkono mtoto mmoja wa Kabete, Louis Leakey, akamfundisha kuwatambua ndege. Mwaka 1922 makumbusho yalihamia jengo kubwa zaidi, na mwaka 1930 yakafunguliwa mapya kwenye kilima tunachokijua sote kwa jina la Museum Hill.

Upande wa mimea, mwenye nafasi moyoni mwangu ni Peter Bally, Mswisi aliyekuwa bingwa wa mimea wa makumbusho hayo. Alizama kwenye minyaa na mishubiri, na mshubiri mmoja mrefu, Aloe ballyi, ukapewa jina lake. Ndiye aliyemhimiza mkewe achore maua, na ndiye aliyemwita Joy. Mama huyo alikutana na George Adamson, mumewe wa baadaye, huko Garissa, kwenye mto wetu huuhuu wa Tana, Krismasi ya mwaka 1942, na dunia ikaja kumjua kwa simba. Lakini kabla ya simba kulikuwa na maua: mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu kwa michoro yake. Mwaka 1950 mimea mikavu ya Amani, Tanga, ililetwa Nairobi ikajenga Hebaria ya Afrika Mashariki.

Mikutano ya bustanini ndiyo iliyonifunga kwenye chama hiki. Mtu huja na chungu, mwingine na kitawi kilichofungwa kwenye gazeti lenye maji. Salvia hazikosi: ile nyekundu ya Brazil, ile ya zambarau ya Mexico, na zetu wenyewe za nyanda za juu, Salvia nilotica itambaayo nyasini na Salvia merjamie yenye harufu kali. Mzee mmoja alinionyesha jambo nisilolisahau. Alichukua unyasi mwembamba, akausukuma taratibu kooni mwa ua. Vijiti viwili vya chavua vikainama kutoka juu, vikaugusa unyasi na kuuachia unga wa manjano. Nyuki akiingia hupakwa mgongoni hivyohivyo, akaupeleke kwa ua jingine. Tulirudia mpaka ua likachoka.

Ya miaka ya karibuni nayataja kwa ufupi. 1971: Fleur Ng'weno aanzisha matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi, yanayoendelea hadi leo. Baadaye chama kikachukua jina la Nature Kenya. Kikundi cha Succulenta cha wapenda mimea ya majani manene. 2009: miaka mia moja.

Kwetu Tana, mwaka 2008 mpango wa mashamba ya miwa ulizusha maneno mengi, na chama kikasimama upande wa delta. Mapigano ya mwaka 2012 kati ya wakulima na wafugaji wenyeji tunayajua, sitayarudia. Ila Septemba ya mwaka huohuo delta, hekta 163,600, iliingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Mwaka 2015 ukaja mpango wa matumizi ya ardhi, uliojadiliwa na wakulima na wafugaji pamoja.

Nina ombi moja kwa kamati: mkutano mmoja wa mimea ufanyike Garsen, siku ambayo barabara inapitika. Vyungu vyetu vitakuwa tayari.