Karafuu na Jina la Bandari

Tia karafuu katika kikombe cha maji. Ikisimama wima, kichwa juu, mafuta yamo. Ikilala, imekwisha kukamuliwa na unauziwa kapi.

Mkarafuu ni mgeni hapa. Kwao ni visiwa vya Maluku, na Waholanzi waliuchunga kwa wivu hadi mwaka 1770, Mfaransa Pierre Poivre alipofanikisha kutoroshwa kwa miche hadi Mauritius. Kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abri, aliyepanda Mtoni na Kizimbani. Hakuyala matunda yake kwa muda mrefu: Sultani Seyyid Said aliyatwaa mashamba yale, naye, husimuliwa, akaamuru kila apandaye mnazi mmoja apande na mikarafuu mitatu. Waliopalilia na kuchuma ni watumwa. Tarehe ya kisiwa hiki haiwezi kusifu harufu ikawaruka hao.

Kisha ukaja mwezi wa Aprili 1872. Tufani ni nadra kufika Zanzibar, maana tuko karibu mno na ikweta, lakini ile ilifika. Merikebu za Sultani Seyyid Barghash zilivunjika bandarini, na mashambani sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ililala chini. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kwa hiyo aliyepanda upya siku ya pili yake alikuwa na kazi ya kungoja. Pemba ilisalimika. Bei ikapanda, Wapemba wakapanda miche, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi, zaidi ya robo tatu, hutoka Pemba.

Jina halikuhama. Wafaransa wana uyoga wao mweusi wa chini ya ardhi, trafeli, unaonuswa na mbwa na kuuzwa kwa bei ya vito. Huitwa wa Périgord hata ukichimbwa Provence. Karafuu yetu ni vivyo hivyo: imechumwa Wete au Mkoani kule Pemba, ulimwenguni ni ya Zanzibar, kwa sababu Mji Mkongwe ndiko ulikokuwa ushuru, mizani na matajiri.

Uzito unaofika kwenye mizani hiyo hutengenezwa uani. Baada ya kuchambuliwa makonyo, karafuu hutandazwa juu ya jamvi, na jua la siku tatu nne hugeuza wekundu wake kuwa kahawia ya kahawa iliyokaangwa. Kilo tatu mbichi hutoa moja kavu. Wingu likijikusanya, kila mtu huliacha alilonalo akakimbilia jamvi, kwa maana karafuu iliyonyeshewa huvunda, hupauka, na mnunuzi huiona kabla hajainusa.

Utumwa ulifutwa 1897. Wachumaji wakawa wa ujira. Chama cha wakulima wa karafuu kiliundwa 1927, na kilipopewa ukiritimba wa biashara hiyo miaka kumi baadaye, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na India nayo ikakataa kununua hadi yalipopatikana mapatano 1938. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar biashara ilishikwa na Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar.

Nenda Darajani leo, sokoni. Vifurushi vya viungo vimepangwa kwa wageni, na vyote vina jina la Zanzibar. Muulize muuzaji hizi karafuu ni za wapi; hatasita, atainua mkono kuelekea kaskazini. Pemba. Na atakuongezea bei.